Mwongozo kamili: Namna ya kutabiri ladha ya mvinyo wa Italia kabla ya kufungua chupa

Wahudumu wa hoteli za Zanzibar, Malindi na Watamu, ambako wageni kutoka Italia ni wengi, pamoja na wanunuzi wa kawaida madukani, hukwama mahali pamoja. Chupa ya Italia ina maneno mengi, na mteja akiuliza kama mvinyo huo ni mzito au mwepesi, mchachu au laini, jibu huwa la kubahatisha. Wengi hudhani tatizo ni kumbukumbu, hivyo hujitahidi kukariri majina ya mvinyo. Majina hayo ni mamia na hayaishi, kwa sababu mikoa yote 20 ya Italia hulima zabibu za mvinyo.

Njia iliyo bora ni kuisoma lebo kama anwani. Sehemu kubwa ya lebo za Italia humwambia msomaji mahali zabibu zilipoota, na mahali hapo, ukijua pameinuka kiasi gani, panaelekea wapi na panalimwa zabibu gani, hukupa zaidi ya nusu ya jibu. Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kushika chupa iliyofungwa na kueleza uchachu wake, ukakasi wake (yaani ukavu unaouacha kwenye fizi), nguvu ya kilevi chake na uzito wake mdomoni.

## Vitu vinavyohitajika

- Ramani ya Italia inayoonyesha milima na urefu wa ardhi. Ramani yenye mipaka ya mikoa pekee haitoshi; ramani ya simu inafaa, mradi ioneshe sura ya ardhi.
- Chupa tatu za mvinyo mwekundu: Barbera d'Asti, Chianti Classico, na Primitivo di Manduria.
- Glasi tatu za aina moja, kizibuo, na kipimajoto cha jikoni.
- Daftari lenye safu nne: uchachu, ukakasi, kilevi, uzito. Kila safu ipewe alama kuanzia 1 hadi 5.

Mhudumu asiyekunywa kwa sababu za dini au za afya anaweza kufanya hatua zote isipokuwa ya mwisho, na bado akawa mshauri mzuri mezani, kwa sababu kazi kubwa hapa ni ya kusoma na kufikiri. Kwa hatua ya mwisho anaweza kumwomba mwenzake aonje na kumtajia alama.

## Hatua ya 1: Tenganisha jina la zabibu na jina la mahali

Chukua chupa na usome maneno makubwa ya mbele. Jina linaweza kuwa la mahali pekee, kama Barolo au Chianti Classico. Linaweza kuunganisha zabibu na mahali: katika Barbera d'Asti, Barbera ni zabibu na Asti ni mji. Linaweza pia kuwa la aina ya mvinyo, kama Amarone, na hapo itakubidi usome maandishi madogo yaliyo chini yake. Andika mahali upande mmoja wa daftari na zabibu upande wa pili. Kama zabibu haikutajwa, acha nafasi hadi hatua ya 5.

Mtego mkubwa kuliko yote katika hatua hii ni Montepulciano. Vino Nobile di Montepulciano hutoka katika mji wa Montepulciano uliopo Toscana, na zabibu yake kuu ni Sangiovese. Montepulciano d'Abruzzo hutoka mkoa wa Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki, na humo Montepulciano ni jina la zabibu. Mvinyo wa kwanza una uchachu na ukakasi wa kuonekana. Wa pili ni mweusi zaidi, laini zaidi, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Anayeagiza mmoja akaletewa mwingine ana haki ya kulalamika.

Kisha tafuta herufi za daraja. DOC, daraja lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1963, humaanisha kwamba eneo na zabibu zinazoruhusiwa zimeainishwa. DOCG ni daraja lenye masharti makali zaidi, na chupa zake huwa na ukanda wa karatasi wa serikali wenye namba. IGT huruhusu eneo pana na uhuru zaidi, kwa hiyo hukupa habari chache kuhusu mahali. Msomaji asidhani kwamba IGT ni mvinyo duni. Baadhi ya mvinyo wa bei ya juu sana wa Toscana huuzwa chini ya daraja hilo.

Maneno matatu mengine yana maana halisi. Classico ni kitovu cha zamani cha eneo husika, mara nyingi kwenye vilima, wakati maeneo yaliyoongezwa baadaye huwa mapana na mara nyingi yamo kwenye tambarare. Superiore kwa kawaida huashiria kiwango cha kilevi kilicho juu kidogo. Riserva ni mvinyo uliotunzwa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa. Mwisho, soma kilevi chenyewe, ambacho Waitalia hukiandika kwa mkato badala ya nukta: 13,5% vol.

Umefaulu ukiweza kusema bila kusita: hili ni zabibu, hili ni mahali, na hili ni daraja.

## Hatua ya 2: Weka kidole kwenye ramani, kisha uulize urefu

Kosa linalorudiwa kila mara ni kudhani kwamba kaskazini ya Italia ni baridi, kusini ni joto, na hesabu imekwisha. Msomaji aliyewahi kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto anajua kwamba umbali kutoka ikweta karibu haubadiliki njiani, ilhali ukifika juu unatafuta sweta. Italia ni hivyo hivyo. Safu ya milima ya Apenini inapita katikati ya nchi kama kilomita 1,200, na kwa kila mita 100 za kupanda joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi.

Urefu una maana kwa sababu zabibu inapoiva sukari hupanda na asidi, inayoleta uchachu, hushuka. Sukari ndiyo hamira huigeuza kuwa kilevi. Mahali penye joto mchana na usiku, sukari hujaa haraka na asidi huungua, kwa hiyo mvinyo hutoka mzito, wenye kilevi kingi na uchachu mdogo. Mahali palipoinuka, usiku wa baridi huilinda asidi hata kama mchana ni mkali.

Linganisha sehemu tatu za kusini. Manduria, katika mkoa wa Puglia, ipo kwenye tambarare ya chini karibu na bahari. Primitivo yake huanza kuvunwa mwishoni mwa Agosti, na sheria inautaka mvinyo huo uwe na angalau asilimia 13.5 ya kilevi, ingawa mwingi huvuka 14. Taurasi, katika mkoa wa Campania, ipo bara kwenye vilima vya Irpinia, mashamba mengi yakiwa kati ya mita 400 na 700, na zabibu yake, Aglianico, huvunwa mwishoni mwa Oktoba au hata Novemba, mara nyingine baada ya wakulima wa Piemonte huko kaskazini kumaliza kazi. Kisha kuna Etna, volkano ya Sicilia, ambako mizabibu hupandwa hadi mita 1,000 na kupita. Mvinyo mwekundu wa huko ni mwepesi wa rangi, mchachu na wenye harufu nyororo, jambo linalomshangaza kila anayetarajia joto la Sicilia ndani ya glasi.

Kwa hiyo, andika makadirio ya urefu kando ya jina la mahali. Chini ya mita 150, ongeza alama moja kwenye kilevi na uzito. Juu ya mita 400, ongeza alama moja kwenye uchachu. Kipimo hiki hakina usahihi wa maabara, lakini hukuongoza vizuri kuliko kugawa nchi kaskazini na kusini.

## Hatua ya 3: Tazama jua, upepo na maji

Italia yote ipo kaskazini mwa tropiki, kwa hiyo adhuhuri jua huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu, ambako jua hupita karibu na utosi, mteremko kuelekea kusini au kaskazini hauleti tofauti kubwa; kwao tofauti hiyo huamua bei ya shamba. Katika vilima vya Langhe, huko Piemonte, theluji huyeyuka kwanza kwenye miteremko inayotazama kusini, na hapo ndipo hupandwa Nebbiolo, zabibu inayochelewa mno kuiva. Dolcetto, isiyohitaji joto kiasi hicho, huachiwa miteremko iliyobaki.

Mfano ulio wazi zaidi ni Valtellina, bonde la mto Adda karibu na mpaka wa Uswisi. Mto unatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo ukuta wake wa kaskazini wote hupigwa na jua. Wakulima wamejenga ngazi za mawe kwenye ukuta huo, na mawe hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Bila hizo ngazi Nebbiolo isingeiva chini ya milima ya Alpi.

Maji makubwa hupunguza makali ya baridi. Ziwa Garda, lililo kubwa kuliko yote nchini humo, huwezesha mizeituni kuota karibu na Alpi, na ndiyo sababu mvinyo wa Bardolino, kwenye ufuo wake wa mashariki, huwa mwepesi na usio na ukali. Bahari nayo hufanya kazi hiyo, lakini pale tu hewa yake inapofika. Jaribu kipimo hiki kwenye ramani ya mkoa wa Marche, ambako zabibu nyeupe ya Verdicchio hulimwa sehemu mbili. Vilima vya Castelli di Jesi vimefunguka kuelekea Adriatiki. Matelica imo kwenye bonde lililolala sambamba na pwani, likiwa limezibwa na milima, kwa hiyo usiku wake ni wa baridi zaidi, na Verdicchio yake huwa na uchachu uliokazika zaidi. Zabibu ni ileile, mkoa ni uleule, na umbali kati ya maeneo hayo ni mdogo.

Milima pia hukinga. Alpi huzuia baridi ya kaskazini, na mlima Amiata, wenye mita 1,738, hukinga Montalcino dhidi ya dhoruba zitokazo kusini, na huchangia kuufanya mji huo uwe mkavu na wenye joto kuliko Chianti Classico. Ndiyo maana Brunello di Montalcino, ambao kwa sheria ni Sangiovese tupu, huwa mzito kuliko Chianti Classico, ambao nao una angalau asilimia 80 ya Sangiovese.

Kwenye kisiwa cha Pantelleria, kati ya Sicilia na Tunisia, upepo ndio mtawala. Kila mzabibu hupandwa ndani ya shimo na kukatwa ubaki mfupi kama kichaka, ili upepo upite juu yake; ukulima huo uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014.

## Hatua ya 4: Udongo, kwa tahadhari

Hapa ndipo wauzaji husema mengi kuliko wanavyojua. Mizizi hainyonyi ladha ya jiwe na kuipeleka kwenye glasi. Udongo hufanya kazi mbili zilizo wazi: huamua mzabibu unapata maji kiasi gani, na ardhi inapata joto kwa kasi gani. Ukishindwa kueleza athari ya udongo kwa mojawapo ya njia hizo mbili, usiitaje.

Barolo inafaa kwa mazoezi. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, udongo ni wa mfinyanzi wenye chokaa, na mvinyo wake hunukia mapema na kulainika mapema. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na Monforte, kuna mawe ya mchanga zaidi na rutuba ndogo. Mvinyo wake una ukakasi mkali unaohitaji miaka mingi. Puglia ya kusini ina udongo mwekundu juu ya mwamba wa chokaa, unaohifadhi maji ya kutosha kuuvusha mzabibu kiangazi. Tambarare zenye rutuba za Modena na Reggio Emilia huzaa Lambrusco kwa wingi, na wingi huo ni sehemu ya sababu mvinyo wake ni mwepesi na wa kunywewa ukiwa mchanga.

Huhitaji zaidi ya hayo. Ukiwa huna habari za udongo, ruka hatua hii bila wasiwasi.

## Hatua ya 5: Jua tabia ya zabibu yenyewe

Hali ya hewa husukuma, lakini zabibu ina tabia yake. Hatua hii ndiyo yenye uzito mkubwa kwa ukakasi, kwa kuwa ukakasi hutoka kwenye maganda na mbegu. Zifuatazo zinatosha kuanzia.

Nebbiolo (Barolo, Barbaresco, Valtellina): uchachu 5, ukakasi 5. Rangi yake ni hafifu, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu hudhani rangi nyepesi ni mvinyo mwepesi. Barolo hairuhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 38, na angalau 18 kati ya hiyo lazima iwe ndani ya mapipa ya mbao.

Barbera (Asti, Alba): uchachu 5, ukakasi 2. Hutoka vilima vilevile vya Nebbiolo na bado haifanani nayo, ishara kwamba mahali pekee hapatoshi.

Dolcetto: uchachu 2, ukakasi 3. Jina linadokeza utamu, lakini mvinyo wake ni mkavu, yaani hauna utamu.

Sangiovese (Chianti, Brunello, Vino Nobile): uchachu 4, ukakasi 4. Ni mvinyo unaohitaji chakula. Kwa nyama choma yenye mafuta unafaa sana.

Aglianico (Taurasi, Vulture): uchachu 5, ukakasi 5, na rangi nzito. Hii ndiyo inayothibitisha kwamba kusini kuna mvinyo wenye uti wa mgongo.

Primitivo (Manduria, Salento): uchachu 2, ukakasi 2 au 3, kilevi 5. Huiva mapema, na ndiyo zabibu ileile inayoitwa Zinfandel huko Marekani.

Nerello Mascalese (Etna): uchachu 4, ukakasi 3 au 4, rangi hafifu.

Sagrantino (Montefalco, Umbria): ukakasi 5, na kama kungekuwa na 6 ningeipa. Usimpe mtu anayeonja mvinyo mwekundu kwa mara ya kwanza.

Nyeupe zinahitaji maneno machache, maana ukakasi hauhesabiwi. Carricante ya Etna na Verdicchio zina uchachu mwingi. Fiano di Avellino ina uzito na uchachu pamoja. Garganega, zabibu ya Soave, ipo katikati. Vermentino ya Gallura, Sardegna, iotayo juu ya mwamba wa itale, ina mwili wa wastani na chumvi kidogo mwishoni.

Sasa jaza nafasi uliyoiacha katika hatua ya 1. Chukua alama za zabibu, kisha uzirekebishe kwa matokeo ya hatua ya 2 na ya 3. Alama isizidi 5.

## Hatua ya 6: Chunguza mkono wa mtu

Utabiri wote hadi hapa huvunjika mtengenezaji anapobadilisha zabibu baada ya kuvuna. Amarone della Valpolicella ndio mfano mkuu. Zabibu za Corvina na wenzake, ambazo zikikamuliwa mbichi hutoa Valpolicella mwepesi, hutandazwa kwenye vyumba vyenye hewa kwa takribani miezi mitatu au minne hadi zipoteze sehemu kubwa ya maji. Sukari hubaki, na mvinyo wake kwa sheria hauwezi kuwa chini ya asilimia 14 ya kilevi. Ukiona neno Amarone, Ripasso, Recioto au Passito, fahamu kwamba zabibu zilizokaushwa zinahusika, na upandishe uzito kabla ya jambo lingine lolote. Recioto na Passito mara nyingi huwa vitamu. Amarone huhesabiwa kuwa mkavu.

Povu nalo ni kazi ya mtu. Prosecco hupata povu ndani ya matangi makubwa na hubaki na harufu ya matunda. Franciacorta, wa Lombardia, huchachuka mara ya pili ndani ya chupa na kuwa na uzito wa mkate na hamira.

## Hatua ya 7: Andika, fungua, linganisha

Andika alama za chupa zako tatu kabla ya kufungua hata moja. Anayeandika baada ya kuonja hujidanganya bila kukusudia.

Weka mvinyo kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ushauri wa kuuhudumia mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya za zamani. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzi 30 hukifanya kilevi kichome pua na kuzima kila kitu kingine. Nusu saa kwenye jokofu inasaidia sana, kisha hakikisha kwa kipimajoto. Ukipoza kupita kiasi ukakasi utaonekana mkali kuliko ulivyo.

Onja kwa mpangilio huu: Barbera, Chianti Classico, Primitivo. Uchachu upime kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Ukakasi upime kwenye fizi, baada ya kumeza au kutema. Kilevi kipime kwa joto la koo. Barbera ijaze mate bila kukausha fizi. Chianti ifanye yote mawili. Primitivo iwe laini, nzito, yenye joto kooni. Ukizitambua tofauti hizo tatu, umefaulu, hata kama alama zako zimepishana na makadirio kwa moja.

Zikipishana kwa mbili au zaidi, anza kwa kupima joto la mvinyo upya. Likiwa sawa, angalia mwaka wa mavuno kwenye lebo: 2003 na 2017 ilikuwa miaka ya joto kali na ukame, hivyo mvinyo wake huzidi makadirio kwenye kilevi na uzito, wakati 2014 ulikuwa wa mvua na baridi sehemu nyingi za kaskazini na kati, na mvinyo wake huzidi kwenye uchachu. Mwaka nao usipoeleza tofauti, rudi hatua ya 1 na usome upya jina la mahali, hasa kama ulikuwa umeandika Chianti na kusahau kuangalia iwapo neno Classico lipo.